Waswahili na Kujifunza Kijerumani: Toka Bi Salme hata Walimu wa Berlin

Utangulizi

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili wanaijua vyema habari ya Wajerumani waliojifunza lugha yetu. Majina ya Krapf, Büttner, Velten na Meinhof hutajwa kila panapozungumzwa chanzo cha utafiti wa Kiswahili, na vitabu vyao vimo katika maktaba za vyuo vyetu. Habari ya upande wa pili haijasimuliwa sana. Mswahili naye alijifunza Kijerumani. Alijifunza jikoni Hamburg, darasani Berlin, katika uwanja wa gwaride Dar es Salaam na katika shule ya Tanga. Aghalabu alijifunza pasipo kitabu kilichotungwa kwa ajili yake, na pasipo mtu aliyeona haja ya kumtungia.

Makala haya yanakusudia kuutazama upande huo. Tutauliza ni nani waliojifunza, na kwa njia gani. Ni matatizo gani ya sarufi, msamiati na misemo yaliyowakabili. Na mbona lugha ya dola iliyotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi kwa miaka 30 na kidogo imeacha katika Kiswahili maneno machache ya kuhesabika. Jibu lililozoeleka ni kwamba Kijerumani ni lugha ngumu. Sisi tutajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Ugumu upo, lakini Mswahili alikuwa na vyombo vya kuukabili, tena vyombo vilivyomo ndani ya sarufi yake mwenyewe. Kilichomzuia kilikuwa kitu kingine.

Mwanzo usiofungua mlango

Mjerumani wa kwanza kuitia sarufi ya Kiswahili katika kitabu alikuwa Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Muhtasari wake wa sarufi ulichapwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatokea London mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 1881. Msomaji hana budi kuangalia jambo moja. Ingawa Krapf alikuwa mwenyeji wa Württemberg, na ingawa kitabu chake cha sarufi kilichapwa katika nchi yake, alikiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa shirika la misheni lililomtuma lilikuwa la Uingereza. Hivyo Mombasa ilikutana na Mjerumani bila ya kukutana na Kijerumani. Miaka mingi kabla ya ukoloni, daraja kati ya lugha hizi mbili lilikuwa limekwisha kupitishwa juu ya lugha ya tatu. Tutaona mwishoni kwamba hali hiyo haijabadilika sana.

Bi Salme na lugha ya ugenini

Mtu wa Afrika ya Mashariki aliyekipata Kijerumani barabara, hata akakiandikia kitabu, ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Alikuwa binti wa Sultani Sayyid Said. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza akaenda Aden, na huko mwaka 1867 alibatizwa na kuolewa na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa amekaa Unguja. Tangu hapo akajulikana kwa jina la Emily Ruete.

Utotoni mwake Salme alikuwa amekwisha onyesha tabia ya mtu anayejifunza kwa nguvu zake mwenyewe. Mabinti wa nyumba yao walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika badala ya ubao. Mtoto aliyeiba elimu ya kuandika kwa namna hiyo alipofika Hamburg hakuwa mgeni wa shida ya kujifundisha.

Maadamu mumewe alikuwa hai, Salme alikuwa na mtu wa kuongea naye. Lakini Ruete alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu iliyovutwa na farasi, akamwachia mjane watoto watatu wadogo. Toka siku hiyo Kijerumani hakikuwa tena lugha ya mapambo. Kilikuwa lugha ya mwanasheria, ya mwenye nyumba, ya daktari na ya mwalimu wa watoto. Katika miaka iliyofuata alihamahama mji hadi mji, akapata riziki kwa kufundisha Kiarabu. Na mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, kilichapwa Berlin kwa Kijerumani.

Mfano wa Bi Salme ni wa maana kwa hoja yetu, kwa sababu unavunja dhana kwamba Kijerumani kilimshinda mtu wa pwani. Lugha zake za kwanza zilikuwa Kiarabu na Kiswahili. Shule ya Kizungu hakuiona kamwe. Naye aliweza kuwaeleza Wajerumani maisha ya Unguja kwa lugha yao wenyewe, na kuwakosoa kwa mambo waliyoyadhania kuhusu watu wa mashariki. Hata hivyo tusisahau gharama yake. Aliipata lugha kwa kupoteza nyumba, dini na ndugu. Bismarck alimtumia mwaka 1885 kama kipande cha bao katika kumbana Sultani Barghash, kaka yake, na haja ilipokwisha akaachwa. Alifariki Jena mwaka 1924.

Walimu wa Berlin

Mwaka 1887 Chuo Kikuu cha Berlin kilifunguliwa taasisi ya lugha za mashariki, ambayo kwa Kijerumani iliitwa Seminar für Orientalische Sprachen. Kusudi lake lilikuwa wazi: kuwatayarisha wakalimani, maofisa na wafanyabiashara watakaokwenda Asia na Afrika. Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo, na mwalimu wake wa kwanza Mjerumani alikuwa Carl Gotthilf Büttner. Desturi ya taasisi hiyo ilikuwa kuweka watu wawili kwa kila lugha: Mjerumani wa kueleza sarufi, na mwenyeji wa lugha wa kusema na kuandika, aliyeitwa Lektor.

Hivyo wakaja Berlin, mmoja baada ya mwingine, Sleman bin Said na Amur bin Nasur wa Unguja, na mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Amur alieleza maisha yake na safari yake ya Berlin katika maandishi ambayo Büttner aliyatia katika mkusanyo wake wa mwaka 1894. Mtoro ndiye mwenye sehemu kubwa ya maandishi yaliyotokea mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho hata leo mtafiti wa mila za Mrima hawezi kukipita.

Ugawaji huu wa kazi wahitaji kuangaliwa kwa makini. Mjerumani alipewa sarufi, Mswahili akapewa ulimi. Mmoja alikuwa mwenye kueleza, mwingine alikuwa mwenye kutoa mifano. Lakini mtu awezaye kuwasahihisha wanafunzi wa Kijerumani lazima ajue wanakosea kwa sababu gani, na hilo halijulikani bila ya kujua lugha yao. Mwanafunzi asemapo "mtoto ile", mwalimu anayejua Kijerumani hung'amua mara moja kwamba huyu ameyapima maneno kwa jinsia ya kwao, wala hakusikia ngeli. Mtu wa namna hiyo ni mwanaisimu, awe amepewa cheo hicho au hakupewa. Katika jalada la Desturi za Wasuaheli jina lililopigwa chapa kubwa ni la Carl Velten, aliyekusanya na kutafsiri.

Mtoro alikaa Berlin, akakizoea Kijerumani, na mwaka 1904 akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Ndoa hiyo ilifichua mpaka ambao ujuzi wa lugha haukuweza kuuvuka. Mtoro alipata taabu na wanafunzi wasiotaka kumheshimu Mwafrika kama mwalimu, na kazi yake katika taasisi ikaisha mwaka 1905. Aliposafiri kurudi nyumbani pamoja na mkewe, wenye mamlaka wa koloni walimkatalia kukaa na mke Mzungu katika nchi aliyozaliwa yeye mwenyewe. Wawili hao walirudi Ujerumani. Baadaye, tangu mwaka 1909, Mtoro alifundisha Hamburg chini ya Meinhof kwa miaka kadhaa, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara katika miji mbalimbali. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Sarufi machoni pa Mswahili

Sasa tugeukie lugha yenyewe. Ni kitu gani kilichomkabili Mswahili aliyeanza Kijerumani? Hatuna daftari za mazoezi za walimu hawa, lakini tunazo lugha zote mbili, nasi twaweza kuzilinganisha.

Jambo la kwanza ni jinsia ya majina. Katika Kijerumani kila jina hutanguliwa na neno dogo, nasi tutaliita kibainishi, ambalo hubadilika kulingana na jinsia: der kwa jinsia ya kiume, die kwa ya kike, das kwa ile isiyo ya kiume wala ya kike. Mezani tu pana jinsia zote tatu: kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Mwenye kusoma kwa kupitia Kiingereza huliona jambo hili kuwa kichaa, kwa kuwa Kiingereza kilikwisha kuzipoteza jinsia zake za kisarufi. Mswahili hana sababu ya kushangaa hivyo. Yeye hauulizi mti una uhai gani hata ukapatanishwa na mkono na moyo. Anajua kwamba majina yamegawanyika katika makundi, na kwamba kundi huamuru upatanisho wa sentensi nzima. Tofauti ni mahali alama inapokaa tu. Katika Kiswahili alama aghalabu imeshikamana na jina lenyewe, katika Kijerumani imesimama mbele yake.

Tuchukue mfano uwachekeshao wageni wengi. Msichana kwa Kijerumani ni das Mädchen, yaani jina la mtu wa kike limewekwa katika jinsia isiyo ya kike. Sababu ni kiambishi -chen, ambacho hudogosha kitu, na kila jina linalokipokea huhamia jinsia ya tatu. Je, hiyo si sheria ile ile ya ki- ya udogo? Mtoto akiitwa kitoto huhama ngeli, na twasema "kitoto kimelala". Isitoshe, Kiswahili na Kijerumani vyote viwili husitasita mahali pale pale: kijana ana ki-, lakini twasema "kijana amekuja", kwa kuwa uhai umeushinda umbo. Mjerumani naye, akiisha kutaja das Mädchen, mara nyingi huendelea na kiwakilishi cha kike, kwa kuwa maana imeushinda umbo. Mwalimu mwenye kujua lugha hizi mbili angeweza kulifundisha somo hili kwa muda mfupi.

Jambo la pili ni uhusika. Kijerumani kina hali nne za jina, nazo huonekana hasa katika kibainishi: der Mann, des Mannes, dem Mann, den Mann. Hapa kweli Mswahili hukuta kitu asichokuwa nacho kwa umbo hilo. Lakini maana yake anayo. Mjerumani asemapo "Ich kaufe dem Kind ein Buch", neno dem ndilo linaloonyesha kwamba mtoto ndiye anayenunuliwa kitabu. Mswahili husema "Ninamnunulia mtoto kitabu", na kazi ile ile inafanywa na kauli ya kutendea pamoja na kiambishi -m-. Kile ambacho Mjerumani hukitundika juu ya jina, Mswahili hukipachika ndani ya kitenzi.

Jambo la tatu ni mpangilio wa maneno, na hapa ndipo penye kazi. Kitenzi cha Kijerumani husimama mahali pa pili katika sentensi kuu, lakini katika sentensi tegemezi huenda mwisho kabisa. Vile vile kuna vitenzi vinavyokatika vipande viwili: "anrufen" ni kumwita mtu kwa simu, lakini husemwa "Ich rufe dich an", na kipande an husubiri mwishoni. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mizigo mingi, lakini hubeba yote mgongoni kwa pamoja. Hakiachi mzigo mmoja nyuma ya msafara. Hilo halina njia ya mkato. Ni la mazoea.

Hesabu, saa na misemo

Katika msamiati wa kila siku kuna pahala ambapo msomi wa pwani alikuwa na faida kuliko wanafunzi wengi wa Kizungu. Mjerumani huhesabu mamoja kabla ya makumi: 25 ni fünfundzwanzig, yaani tano na ishirini. Mwingereza na Mfaransa hulalamika juu ya jambo hili. Lakini mtu aliyesoma chuoni alijua hesabu ya Kiarabu, ambayo ina mpango huo huo, na katika Kiswahili cha zamani hesabu hiyo ilitumika: hamsa wa ishirini.

Kwa bahati mbaya nambari hiyo hiyo inatufikisha kwenye ukurasa mchungu. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha viboko 25 kwa adhabu ya mara moja. Toka hapo "hamsa ishirini" likawa jina la adhabu, likajulikana na mtawala na mtawaliwa, likaingia hata katika maandishi ya Wajerumani. Mtu aliyekuwa hajui hesabu nyingine ya kigeni aliijua hiyo. Mahali ambapo lugha mbili zilikubaliana kabisa, mpango kwa mpango, ndipo kiboko kilipokaa.

Saa nazo zilikuwa mtego. Mswahili huhesabu saa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua; saa moja u nusu asubuhi kwa Mzungu ni saa saba na dakika 30. Mjerumani huiita halb acht, yaani nusu ya nane, kwa kuwa nusu ya saa ya nane imekwisha kupita. Hivyo mgeni wa pwani alitakiwa kuruka mara mbili: kwanza toka moja hadi saba, kisha toka saba hadi nane. Asiyejua hilo angefika kazini saa nzima baadaye, na huenda angeambiwa kwamba Mwafrika hajali wakati.

Misemo ina utamu wake. Kinga ya mkono huitwa Handschuh, yaani kiatu cha mkono. Kumtakia mtu heri ni kumbania vidole gumba, "die Daumen drücken". Mtu aliyepata bahati husemwa kuwa ana nguruwe, "Schwein haben", msemo ambao bila shaka Mwislamu wa Bagamoyo aliupokea kwa uso wa namna yake. Kwa upande mwingine methali nyingine hukutana njiani: "Aller Anfang ist schwer" ni mwanzo mgumu, na "Eile mit Weile" haina umbali mkubwa na haraka haraka haina baraka.

Lakini katika maneno ya kila siku hakuna lililokuwa na uzito kama viwakilishi viwili, du na Sie. Cha kwanza ni cha ndugu, rafiki, mtoto na Mungu. Cha pili ni cha heshima kwa mtu mzima. Kiswahili hakigawi heshima kwa njia hiyo. Huigawa kwa shikamoo, kwa bwana na bibi, kwa mzee, shangazi na mwalimu. Katika koloni Mwafrika, awe na umri gani, aliitwa du. Jambo hili halikuandikwa katika vitabu vya sarufi, lakini lilikuwa sarufi iliyofundishwa kila siku, na mwanafunzi mwenye akili alielewa kwamba ngeli aliyowekwa haikuwa ya watu wazima.

Siasa ya kutofundisha

Tumeona, basi, kwamba lugha yenyewe haikuwa ukuta usiopandika. Sasa tutazame utawala. Serikali ya Ujerumani iliichukua nchi toka mikononi mwa kampuni mwaka 1891. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890 ilifungua shule ya serikali Tanga, nyingine zikafuata katika miji ya pwani na baadaye bara. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili kwa hati za Kilatini. Kijerumani kilifundishwa kama somo kwa wachache wa madarasa ya juu. Gazeti la Kiongozi, lililoanza Tanga mwaka 1904, liliandikwa kwa Kiswahili.

Palikuwa na mabishano. Baadhi ya wanamisheni walikiona Kiswahili kuwa mlango wa Uislamu, wakataka lugha za makabila. Wengine walitaka Kijerumani kienezwe kwa heshima ya taifa. Lakini walowezi na maofisa wengi walikuwa na hofu nyingine, nao waliisema waziwazi: Mwafrika akijua Kijerumani atasikia wanayozungumza mabwana zake mezani, atasoma magazeti yao, atajiona sawa nao, atadai. Afadhali ofisa ajifunze Kiswahili, apasi mtihani wake, na kumwacha mtawaliwa nje ya chumba cha lugha ya mtawala.

Kwa hiyo kuenea kwa Kiswahili bara, jambo ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili hulishukuru, kulitokana kwa kiasi fulani na nia isiyostahili shukrani. Hatusemi kwamba ingalikuwa heri Kijerumani kingaliwekwa mahali pake. Twasema kwamba lugha yaweza kuenezwa kwa kupendwa, na yaweza kuenezwa kwa kuwa wenye nguvu wameamua kuificha yao. Mwanahistoria wa lugha hana budi kuzitenga sababu hizo mbili.

Ushahidi wa mwisho wa siasa hiyo ulitokea mwaka 1916, katikati ya vita. Emil Schwörer alichapa kitabu alichokiita Kolonial-Deutsch, ambamo alipendekeza Kijerumani kilichopunguzwa kwa ajili ya Waafrika wa makoloni yote: kibainishi kimoja kwa majina yote, vitenzi visivyonyambulika, msamiati wa maneno mamia machache tu. Mtu angeweza kudhani kwamba hii ilikuwa huruma kwa mwanafunzi. Sivyo. Lugha hiyo ilikusudiwa itoshe kupokea amri na kufanya kazi, isitoshe kwa mengine. Msichana wetu das Mädchen angepoteza das yake, na Mwafrika angepewa ufunguo unaofungua mlango wa jikoni peke yake. Mpango huo haukutimia, kwa kuwa makoloni yenyewe yalikwisha kupotea.

Yaliyobaki

Ni nini kilichobaki? Katika Kiswahili cha watu wote tunayo shule, toka Schule, neno lililoshinda bara na pwani ya Kenya na Tanzania, wakati Unguja ilishika skuli ya Kiingereza. Tunayo hela, toka Heller, sarafu iliyoletwa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Sarafu imekufa, neno limekuwa jina la fedha zote. Wenyewe tuliwaita Wadachi, toka Deutsch, jina lililoishi katika vinywa vya wazee. Kwa upande wao, Wajerumani wa koloni walichukua safari, askari, boma na shauri, ambalo waliliandika Schauri na kulitumia kwa kila jambo lenye mazungumzo marefu. Ukipima mizani, Kiswahili kiliingia katika maneno ya mtawala si haba kuliko lugha ya mtawala ilivyoingia katika Kiswahili.

Kuna pia kisa kinachosimuliwa mara nyingi, tunachokitoa kama kisa. Husemwa kwamba katika miaka ya 1960, Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee wa vita vya 1914–1918, wengi waliokuja Mwanza hawakuwa na cheti. Kila mmoja alipewa ufagio badala ya bunduki, akatolewa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Kiwe kweli au hekaya, kisa hiki kimeeleza vizuri Kijerumani cha koloni kilivyokuwa: lugha iliyowekwa katika mabega na miguu, pasipo kupewa nafasi ulimini.

Lakini wapo waliokipata ulimini. Mdachi bin Sharifu, aliyefundisha Berlin tangu kabla ya vita, alisimama mwaka 1919 mbele ya mikutano ya Wajerumani, akaeleza ukatili wa utawala wao. Mtu aliyeletwa kuwatayarisha maofisa aligeuka kuwa shahidi dhidi yao. Na katika miaka ya 1930 alifundisha Berlin Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, mtoto wa askari. Chini ya Wanazi alikamatwa mwaka 1941 kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akafa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Toka Mtoro hata Husen ni miaka 40 tu, na kosa waliloshtakiwa lilikuwa moja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, Waswahili walijifunza Kijerumani, na baadhi yao walikijua kwa kiwango cha kuandika vitabu na kufundisha. Pili, sarufi ya Kiswahili haimfungi mtu asijifunze Kijerumani. Katika ngeli, katika kauli ya kutendea na katika hesabu humpa njia ambazo Kiingereza hakina. Tatu, uchache wa alama za Kijerumani katika lugha yetu ni matokeo ya uamuzi wa watawala.

Jambo hili si la zamani tu. Taasisi ya Goethe imekuwapo Nairobi tangu mwaka 1963, na mwaka huo huo Deutsche Welle ilianza matangazo yake ya Kiswahili. Kijerumani hufundishwa katika vyuo vikuu vyetu na katika baadhi ya shule za sekondari za Kenya. Lakini Mkenya hujifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza, kama vile Krapf alivyokiandikia Kiswahili kwa Kiingereza. Mwalimu huanza kwa kumwomba msamaha kwa ajili ya der, die, das, kana kwamba kijana huyo hajapata kusikia ngeli maishani mwake. Kamusi nzuri zipo, kama ile ya Hildegard Höftmann iliyotoka Leipzig mwaka 1979, lakini zimetungwa zaidi kwa haja ya Mjerumani.

Twapendekeza, basi, kwamba idara zetu ziandae sarufi linganishi ya Kijerumani kwa Kiswahili, itakayoanzia pale mwanafunzi alipo: kitoto na Mädchen, ninamnunulia na dem Kind, hamsa wa ishirini na fünfundzwanzig. Kazi hiyo ingaliweza kufanywa na Amur bin Nasur au Mtoro bin Mwinyi Bakari, kwa kuwa vyombo vyote walikuwa navyo mikononi. Hawakuombwa. Waliombwa watoe mifano, nao wakatoa. Maelezo yakaachiwa wengine. Sisi hakuna anayetukataza kueleza.